Doktora: kwa nini watoto wetu wanavuka mpaka kuitafuta

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka studio nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa mzee mmoja mhami. Alikimbia mapigano na sasa anaishi na watu kumi na mmoja katika nyumba ya shemeji yake. Hakuuliza juu ya hema wala unga. Alisema: « Mwanangu mwandishi, binti yangu ni asistanti kwenye chuo kikuu. Sasa anasema anataka kujiandikisha kwa doktora. Mimi nilifikiri masomo yaliisha siku ile tulipochinja mbuzi. Utuelezee kwenye redio: hiyo doktora ni kitu gani, na kwa nini kila mtu wetu aliyeipata ilikuwa lazima avuke mpaka? »

Nilimjibu hewani kwa dakika nne. Hazikutosha, na wasikilizaji wengine waliandika kuuliza yale yale. Ndiyo sababu leo naandika.

Tuanze na neno lenyewe, maana huku kwetu mganga wa hospitali tunamwita dokta na wengi wanachanganya. Mganga anaweza kutibu watu miaka arobaini bila kuwa na doktora. Doktora ni karatasi ya utafiti. Unachukua swali moja ambalo hakuna aliyelijibu vizuri, unalifuata miaka mitatu, minne, wakati mwingine kumi. Unaandika kitabu kinachoitwa tezi, halafu unasimama mbele ya juri ya maprofesa, watu wote wakisikiliza, na unatetea ulichoandika. Ukipita, unaweza kufundisha chuo kikuu kama profesa na kusimamia utafiti wa wengine. Chuo kikuu kisicho na watu wa namna hiyo ni shule ya sekondari yenye jengo kubwa.

Kinachoshangaza katika historia yetu ni kwamba utafiti ulifika Kongo mbele ya chuo kikuu. Kule Yangambi, karibu na Kisangani, Wabelgiji walikuwa na INEAC, taasisi ya kuchunguza kilimo, tangu mwaka 1933. Na aliyepita njia ya Katana anajua majumba ya Lwiro, kule Kabare. Yalijengwa kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya kati, iliyoanzishwa mwaka 1947. Walikuwa na maktaba, maabara, na mashine za kupima matetemeko ya ardhi. Mkongomani alikuwa ndani ya kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Aliongoza msituni, alikamata nyoka na panya, alitafsiri, alitaja majina ya miti na matumizi yake. Lakini hakuwa mwanafunzi. Hapakuwa na daftari ambamo jina lake lingeandikwa kama mtafiti.

Kuna mfano mmoja unanikaa kichwani. Mwaka 1953 kijana mmoja Mbelgiji, Jan Vansina, alifika Kasai kwa kazi ya IRSAC, kati ya Wakuba. Wazee wa Kuba walimsimulia habari za wafalme wao, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1957 alipata doktora yake Louvain kwa historia hiyo, na mwaka 1961 akatoa kitabu juu ya mapokeo ya mdomo kilichowafundisha wanahistoria wa dunia kwamba maneno ya wazee yanaweza kupimwa na kutumiwa kama karatasi za maktaba. Simlaumu. Wakati ule wasomi wengi wa Ulaya walisema Mwafrika hana historia, na yeye aliwapinga maisha yake yote. Lakini tazama namna mambo yalivyokuwa mwaka ule wa 1957: waliojua historia walikuwa Wakongomani, na aliyeweza kujiandikisha ili aiandike alikuwa Mbelgiji.

Sababu inajulikana. Wabelgiji walifungua shule za msingi nyingi sana, za misheni hasa, na wakaziba juu. Aliyetaka kwenda mbele alikuwa na njia moja tu, seminari. Ndiyo maana msomi wetu wa kwanza wa kuandika kwa Kifaransa alikuwa Stefano Kaoze, mtu wa upande wa Tanganyika, aliyechapisha maandishi juu ya fikra za Wabantu kabla ya vita vya kwanza vya dunia, halafu akawa padri wa kwanza Mkongomani mwaka 1917. Huyo alikuwa mtafiti bila chuo kikuu. Kwa wasio mapadri njia ilifunguka miaka karibu arobaini baadaye, pale Thomas Kanza alipomaliza Louvain mwaka 1956.

Hapa nyumbani chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima nje ya Léopoldville, kikiwa kama mtoto wa Louvain. Mwaka 1956 kikafuata kile cha Serikali kule Elisabethville, na mwaka 1963 Waprotestanti wakaanzisha cha kwao Stanleyville. Mwaka 1959 Lovanium iliwasha kinu cha nyuklia cha utafiti, cha kwanza katika bara la Afrika. Halafu tarehe 30 mwezi wa sita 1960 tukapata uhuru, na Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini katika nchi yote. Hapakuwa na mganga kamili hata mmoja. Waliokuwepo waliitwa wasaidizi wa waganga. Mimi kila nikisoma hilo nacheka kwa uchungu: kinu cha nyuklia tulikuwa nacho, mganga hatukuwa naye.

Mwanamke alichelewa zaidi. Sophie Kanza alimaliza Lovanium mwaka 1964, wa kwanza kati ya wanawake wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri. Binti wa yule mzee wetu anatembea katika njia iliyofunguliwa juzi tu, wakati wa ujana wa bibi yake.

Pamoja na hayo, mwaka ule ule wa 1960 kulitokea jambo ambalo ningependa walimu wa sekondari walifundishe. Mwanafunzi mmoja wa teolojia pale Lovanium, Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi, alisimama kujadiliana na mkuu wa fakulte yake, padri Alfred Vanneste. Swali lilikuwa: je, kunaweza kuwa na teolojia ya Kiafrika, ama teolojia ni moja tu kwa wote? Vanneste alisema ni moja. Tshibangu alisema ya Kiafrika inawezekana. Mjadala huo ulichapishwa na unatajwa mpaka leo. Baadaye Tshibangu alikwenda Louvain kumalizia masomo yake ya juu, na mwaka 1967 akawa mkuu wa kwanza Mkongomani wa Lovanium ile ile. Kwa miaka saba mtu alitoka kwenye kiti cha mwanafunzi akafika kwenye kiti cha rekta. Ungesema njia imefunguka.

Kisha ikapinda. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa kudai bursi na haki zao, askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, mwezi wa sita 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao, Mobutu alifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Mwezi wa nane mwaka ule vyuo vikuu vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na fakulte zikagawanywa. Sheria, uchumi na matibabu vilikaa Kinshasa. Masomo ya lugha na historia pamoja na sayansi ya jamii vilipelekwa Lubumbashi. Saikolojia na elimu, Kisangani.

Fikiria maana yake kwa mtoto wa Uvira aliyetaka historia. Alishuka bandari ya Kalundu, akapanda meli ya Tanganyika mpaka Kalemie, halafu treni kupitia Kabalo na Kamina mpaka Lubumbashi. Wa Beni aliyetaka sheria alihitaji ndege ya Kinshasa. Serikali ilitaka wanafunzi wasikae wengi mahali pamoja karibu na ikulu, na pia watu wa majimbo wachanganyike. Wazee waliosoma wakati ule wanasema jambo la pili lilifaulu: walioana, walijifunza lugha za wenzao. Nakubali. Lakini kwa aliyetaka kuendelea na doktora, kila karatasi sasa ilitegemea biro kuu moja kule Kinshasa, na kila safari ilikuwa ya siku nyingi.

Wasifu wa haki unataka niseme pia kwamba Lubumbashi ya miaka ya 1970 ilikuwa na moto. Valentin Mudimbe, mtoto wa Likasi mwenye doktora ya Louvain ya 1970, alifundisha pale. Mholanzi kwa kazi na Mjerumani kwa kuzaliwa, Johannes Fabian, alipita akifundisha na kurekodi mafundi, watu wa maombi na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, wote wakizungumza Kiswahili cha Katanga. Ni Fabian aliyekuja kuchapisha, mwaka 1990, kijitabu cha historia ya mji wa Elisabethville kilichoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa maboyi wa Wazungu. Maboyi hao hawakuwa na promotere wala juri. Waliandika kwa sababu waliona mambo, na leo wanafunzi wa doktora wa Ulaya na Marekani wanasoma maneno yao. Nawaambia hivyo wale wanaofikiri kwamba Kiswahili chetu hakifai kwa mambo mazito.

Moto huo haukudumu. Uchumi ulianguka, mshahara wa profesa ukawa wa kununua mifuko michache ya unga. Mudimbe aliondoka kwenda Marekani. Alikufa mwaka jana wa 2025 akiwa mmoja wa wanafikra wakubwa wa Afrika, na vitabu vyake maarufu viliandikwa mbali na Likasi. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa na vyuo vitatu vikarudishiwa uhuru wao, lakini mifuko ilikuwa tupu. Kilichobaki ni bursi za Ubelgiji. Hizo nazo zilikatika: usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa tano 1990 wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya Lubumbashi, Ubelgiji ikadai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakasirika, na ushirikiano ukavunjika. Watu wengi wanakumbuka mwaka ule kwa ajili ya waliokufa, na ni haki. Wachache wanakumbuka kwamba kizazi kizima cha maasistanti waliokuwa wakingoja zamu ya kwenda Louvain, Liège ama Bruxelles kilibaki kingoja. Katika vyeo vyetu mtu huanza kama asistanti, anakuwa chef de travaux, ndiye tunayemwita CT, na bila doktora anasimama hapo. Nimekutana na CT mwenye wajukuu. Anafundisha vizuri kuliko maprofesa fulani, lakini hawezi kusimamia tezi ya mtu.

Mimi naona mwaka 1990 ulituumiza kuliko mwaka 1960. Mwaka 1960 hatukuwa na watu. Mwaka 1990 tulikuwa nao, tukawazuia mlangoni.

Wako waliopita. Wawili nawataja kwa sababu sisi wa mashariki tumeona faida yao kwa macho.

Jean-Jacques Muyembe alisoma matibabu Lovanium, akapata doktora yake ya virusi Louvain mwaka 1973, akarudi nyumbani. Mwaka 1976 ndiye aliyefika Yambuku, wakati ugonjwa usiojulikana ulikuwa unaua watu, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu. Ugonjwa huo ulikuja kuitwa Ebola. Mwaka 1995, wakati Ebola ilipoingia Kikwit, alikuwa pale tena, na kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit ilitengenezwa dawa mAb114. Dawa hiyo ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa nane 2019 matokeo yalitangazwa: inaokoa. Waliopona Beni wanajua ninachosema. Wakati wa mlipuko ule watu wengi walisema Ebola ni biashara ya wageni, na mimi mwenyewe nilisoma jumbe za namna hiyo hewani kabla ya kuzijibu. Laiti tungewaambia mapema kwamba swali lile lilifuatwa zaidi ya miaka arobaini na mtu aliyezaliwa hapa hapa.

Wa pili ni Denis Mukwege. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Chuo cha matibabu alikipata ng'ambo ya Ruzizi, Bujumbura, akamaliza 1983. Akafanya kazi Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza uzazi na magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanza Panzi. Yote hayo tunayajua. Kisichosemwa sana ni kwamba mwezi wa tisa 2015, akiwa na miaka sitini na tayari anajulikana dunia nzima, alisimama mbele ya juri ya chuo kikuu cha Bruxelles, ULB, kama mwanafunzi, akatetea tezi ya doktora juu ya fistula za wanawake wa mashariki mwa Kongo. Nobeli ilikuja miaka mitatu baadaye. Kwa nini ajisumbue? Mimi nadhani ni kwa sababu ripoti ya mashirika inasomwa mwaka mmoja inasahaulika, lakini tezi inaweka kwenye rafu namna ya kupima jeraha, kulitaja kwa jina na kulitibu, ili mpasuaji ambaye hajawahi kufika Panzi aweze kuanza pale yeye alipofika.

Leo mambo yako namna gani? Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilileta mpango wa LMD, yaani lisansi, masta, doktora, na vyuo vyote viliusukumwa kuuanza mwaka wa masomo wa 2021-2022. Zamani ilikuwa gradua miaka mitatu, lisansi miwili, halafu DEA ama DES, ndipo doktora. Waliosoma mpango wa zamani wanauliza kama karatasi zao bado zinafaa. Jibu linatolewa na kila chuo kinapotazama faili.

Na faili ndiyo kiini cha swali la mzee. Kujiandikisha kwa doktora si kama mwaka wa kwanza, ambapo unapanga mstari na minervali mkononi. Unaanza kwa kutafuta promotere, profesa anayekubali kukusimamia. Unamwandikia mradi wa kurasa chache: swali lako ni nini, nani amekwisha kuliandika, utalijibu kwa njia gani. Akikubali ndipo mradi unapelekwa kwenye baraza la fakulte, pamoja na diploma ya Leta, diploma za chuo na relevé za pointi za kila mwaka. Huku mashariki maprofesa wa kudumu ni wachache. Tulizoea wale wanaokuja kwa ndege, wanafundisha wiki mbili, wanarudi Kinshasa. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwanzo wa 2025, na benki zikafungwa pamoja nao, hata kumpata promotere na kulipa malipo imekuwa kazi ya kuzunguka nchi jirani. Ndiyo sababu wengi wanajiandikisha Kampala, Nairobi ama Bujumbura, na wengine wanatafuta bursi za Ubelgiji zilizorudi, kama zile za ARES na VLIR-UOS, ambapo unakaa miezi kadhaa kule na miezi kadhaa hapa.

Na anayekimbia usiku habebi relevé. Anabeba mtoto na sufuria.

Binti wa yule mzee alikuwa amepoteza zote. Nilimpigia simu baba yake wiki iliyopita kumwambia kwamba kila mwaka fakulte huandika palmarès, orodha ya majina na pointi, na kwamba nakala zinaweza kutafutwa. Alicheka. « Tumekwisha kupata, mwanangu. » Shangazi mmoja aliye Kisangani alikuwa na picha ya siku ya kolasio kwenye simu yake: binti amevaa toga, ameshika diploma mbele ya kifua. Waliivuta picha kwa vidole mpaka namba ikasomeka, wakaituma kwa sekreteri wa fakulte, naye akaifuata katika daftari. Relevé mbili zimekwisha kuandikwa upya, moja bado.

Nikauliza binti anataka kuchunguza nini. Akasema ni namna familia zinazopokea wahami zinavyogawana chakula na nafasi ya kulala.

« Ameanza na sisi, » mzee akasema. « Kila jioni anashika daftari. Anahesabu hata sahani. »